Mawe ya kibofu kwa mbwa yanarudi: chakula cha mfuko, cha kopo au nimpikie?

Mlinzi_Uyole
Wakuu habari zenu. Nina mbwa jike, mwaka jana alipasuliwa akatolewa mawe kwenye kibofu. Sasa kaanza tena: anachuchumaa kila baada ya hatua chache, yanatoka matone yenye damu. Anakula dona na usipa wa Kyela, na mchicha ukiwepo. Nimeambiwa kuna chakula kikavu cha tiba, kuna cha makopo, au nimpikie kwa mpangilio. Bei ya mfuko mmoja kutoka Dar inaniumiza kichwa kuliko ya mbolea. Kipi kinazuia kweli?

Mnyalu_Mafinga
Pole mkuu. Mchanganyie siki kijiko kimoja kwenye maji, au ndimu. Birika lenye ukoko si huwa linasafishwa hivyo hivyo?

AfisaMifugo_Tukuyu
Mnyalu, siki iache kwenye kachumbari. Mlinzi, mawe yale yalipimwa ni ya aina gani? Bila hilo tunapiga ramli. Mawe ya struviti, kwa mbwa jike, mara nyingi huletwa na maambukizi ya bakteria. Hayo huyeyuka kwa chakula cha tiba pamoja na antibayotiki. Kalsiamu oksaleti hayayeyushwi na chakula chochote, lazima yatolewe, na mkojo wenye tindikali ndio yanaoupenda. Kuna na yureti, maarufu kwa Dalmatian na mbwa wenye hitilafu ya ini. Kwa hao usipa, maini na figo ni vya kukata, vina purini nyingi, ndiyo inayozaa mawe hayo.

Mlinzi_Uyole
Hayakupimwa. Daktari aliyafunga kwenye karatasi akanikabidhi, yapo kabatini hadi leo.

AfisaMifugo_Tukuyu
Basi una mali hapo! Yabaki makavu, yasitiwe fomalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli. Mwambie daktari ayatume maabara; aanze kwa kuulizia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanachambua mawe ya namna hii tangu 1981. Lakini usisubiri majibu hayo: wiki hii apigwe eksirei na mkojo uoteshwe maabara kuangalia bakteria. Akikamua mkojo usitoke kabisa, mkimbize hata kama ni usiku.

MamaNjombe
Wa kwangu ni oksaleti, nimetumia kikavu na kopo. Kopo ni zaidi ya asilimia 70 maji, kikavu ni kama 10 tu, na mkojo mwepesi ndio unaozuia mawe ya aina zote. Kopo likinishinda bei, naloweka kikavu kwa maji ya vuguvugu mpaka kilainike. Huku Juni na Julai maji ya bakuli la nje mbwa anayalamba mara mbili anaondoka, kwa hiyo nayatia moto kidogo. Mchicha, karanga na viazi vitamu nilivikata, nikahamia kabichi. Vidonge vya vitamini C na D, hapana.

Kaka_Soweto
Kumpikia ni rahisi kutamka. Watu wakisikia jiwe lina kalsiamu, wanaikata yote kwenye chakula. Matokeo yake oksaleti inakosa cha kuishika tumboni, inaingia mwilini kwa wingi zaidi. Ukitaka kupika, daktari akuandikie vipimo.

AfisaMifugo_Tukuyu
Sahihi kabisa. Mlinzi, kuhusu hela: ikiwa ni struviti za maambukizi, mfuko huo si wa maisha. Ni wa kuyeyusha. Yakiisha, kinga kubwa ni mkojo kupimwa mara kwa mara ili maambukizi yadakwe mapema. Ikiwa ni oksaleti, kopo au kikavu cha kuloweka, maisha yake yote. Daktari apime na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, lengo ni chini ya 1.020.

Mlinzi_Uyole
Nimekupata mkuu. Na usipa, niache leo?

AfisaMifugo_Tukuyu
Punguza, weka yai la kuchemsha mahali pake mpaka majibu yatoke. Na dona lake lisonge laini, lenye maji mengi, bila chumvi.