Naomba ushauri: mitungi ya petroli na maji kwa safari ya Loiyangalani, kisha matumizi ya nyumbani

MkaziKasarani:
Hamjambo wadau. Desemba hii, Mungu akipenda, nitampeleka mama yangu mzazi aone Ziwa Turkana, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Gari ni Prado ya petroli. Tutapita Rumuruti, Maralal na Baragoi hadi Loiyangalani, kisha turudi kwa upande wa Marsabit. Nimeonywa kwamba nikishatoka Maralal nisitegemee kituo cha petroli cha kawaida mpaka Marsabit.

Nyumbani nako maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Nina mitungi sita ya manjano ya lita 20, ile inayokuja na mafuta ya kupikia. Miwili imepasuka kwenye mshono wa chini na mmoja kifuniko chake hakikazi tena. Kwa hivyo nimefikiria ninunue mitungi minne imara mara moja, ibebe petroli safarini, na tukirudi niioshe vizuri tuwekee maji. Je, inafaa? Chuma au plastiki?

MamaWaUmoja:
Ndugu yangu, hapo pa kuosha kisha uweke maji, simama kwanza.

Mwaka juzi nilinunua mitungi mitatu iliyotumika kwa muuzaji wa barabarani. Ilikuwa minene, ya bluu, bei nusu. Mmoja ulikuwa na harufu ya mbali. Niliuosha kwa sabuni ya unga, kwa maji moto, kwa magadi, nikauanika juani siku mbili, harufu ikaisha. Nikajaza maji, asubuhi nikapika chai, na mtoto akaikataa kabla haijafika mdomoni. Plastiki hunywa petroli. Inaingia ndani ya ukuta wa mtungi na hutoka polepole, kwa hiyo unaweza kuusugua kutwa na maji yatakayolala humo bado yatanuka. Mtungi uliowahi kubeba petroli, dizeli, mafuta ya taa au dawa ya shamba haurudi jikoni. Hata mtungi wa chuma, usibadilishe.

Mitungi yako ya mafuta ya kupikia usiidharau. Ile mizima mitatu inafaa kwa maji, maana unajua ilibeba nini. Ukienda kununua iliyotumika, swali la kwanza liwe hilo: ilibeba nini? Namba 2 ndani ya pembetatu chini ya mtungi inakuambia aina ya plastiki tu, haikuambii kilichokuwamo. Muuzaji akisitasita, mwachie.

DerevaWaKaskazini:
Nimeendesha njia hiyo miaka mingi. Petroli ibebe kwenye chuma. Vituo vingi vitakataa kukujazia mtungi wa plastiki wa kawaida, na wana haki. Mtungi wa chuma wa lita 20 una vishikio vitatu juu: mtu mmoja hushika cha katikati, wawili hubeba kwa vya pembeni, na mikebe miwili mitupu unaishika kwa mkono mmoja. Umbo hilo lilibuniwa na Wajerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi lao, na jina jerikani lilitokana na Waingereza waliokuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry". Hadi leo sijaona lililo bora zaidi.

Hesabu yako sasa. Kutoka Maralal hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200, na ukiongeza kurudi hadi Marsabit umepita 400. Kwenye mchanga na mawe Prado inaweza kushuka hadi kilomita 6 kwa lita. Jaza tangi Maralal hadi juu na ubebe mitungi miwili. Minne ya nini? Kila mtungi ukijaa ni karibu kilo 20 pamoja na chuma chake, na uzito juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona.

Jambo ambalo watu hawalitaji ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ziwa liko chini ya mita 400. Ukifunga mtungi mtupu wa plastiki huku, ukifika kule umebonyea kama uliokanyagwa, kwa sababu hewa ya chini ni nzito zaidi. Usishtuke, fungua tu kifuniko. Wakati wa kurudi ni kinyume: uliofungwa ziwani unavimba ukipanda. Ongeza joto. Lita 20 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi, zinaongezeka karibu nusu lita. Kwa hivyo usijaze mpaka mdomoni, na ukifungua, fungua polepole, uso ukiwa mbali.

FundiWaKamukunji:
Mimi nafua bati, na nitasema ukweli hata kama unaninyima mteja: usitengenezewe mtungi wa petroli na fundi wa bati. Mshono wa kuchomea kwa risasi hauvumilii kutikiswa kutwa nzima. Nitakutengenezea sanduku, karai, jiko, lakini siyo hilo.

Ukienda maduka ya vipuri Kirinyaga Road, beba tochi. Mulika ndani. Unataka kuona rangi ya kinga iliyopakwa sawasawa, bila madoa ya kahawia. Kutu ikianza, vumbi lake linaishia kwenye pampu ya gari. Kisha kagua mpira wa kifuniko kwa kidole. Uliokauka au kupasuka utavuja hata mtungi uwe mpya, na usiubadilishe na mpira wa tyubu ya baiskeli, huo ukikutana na petroli unavimba na kulainika. Kabla ya safari weka lita mbili, ulaze mtungi juu ya simenti kavu nje, mbali na moto, uangalie baada ya saa moja.

MkaziKasarani:
Mmenifungua macho. Basi mitungi miwili ya chuma, petroli tu maisha yake yote. Kuhusu maji: tuko watano, na mama hawezi kuinua lita 20. Na swali jingine, nikirudi na petroli imebaki, naweza kuihifadhi stoo ya chini ya ngazi? Bei hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, ikipanda nitakuwa nimeokoa kidogo.

MkaaMukuru:
Kaka, nakuomba usiweke petroli chini ya ngazi. Nasema kwa uchungu. Tarehe 12 Septemba 2011 hapa mtaani Sinai, Nairobi, bomba la mafuta lilivuja, petroli ikaingia mtaroni, watu wakaja na madebe na mitungi kuchota. Moto ulipowaka wakafa watu wapatao 100. Kinachowaka kwanza ni mvuke wake. Huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kuingia chini ya milango mpaka ukute jiko la jirani. Ngazi ndiyo njia yenu ya kukimbilia.

Iliyobaki imimine kwenye tangi siku hiyohiyo. Na mkijaza kituoni, weka mtungi chini ardhini. Usiujaze ukiwa ndani ya buti juu ya zulia, cheche ya umemetuamo inatosha.

MamaWaUmoja:
Kwa mama, nunua mitungi ya lita 10, mipya, ya chakula. Ukipasuka mmoja hujapoteza maji yote, na hilo kule ni jambo kubwa maana maji ya ziwa ni ya magadi. Hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Watano kwa siku tatu ni lita 75, kwa hiyo mitungi minane.

Chagua yenye mdomo mwembamba. Mdomo mpana unaalika vikombe na mikono, na uchafu huingia hapo hata kama maji yalitoka safi. Wa nyumbani uwe na mfereji mdogo chini. Kabla ya kutumia, ukoshe kwa sabuni, kisha kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwa lita moja ya maji, tikisa ifike kila pembe, mwaga, acha ukauke. Uhifadhi kivulini. Jua huifanya plastiki kuwa kavu na kukatika, nadhani ndilo lililopasua mishono yako, na maji kwenye mtungi unaopitisha mwanga huota ukijani.

MkaziKasarani:
Asante mama, asanteni nyote. Nimepiga hesabu, inazidi niliyotenga kidogo, lakini nitaacha kununua hema jipya. Jumamosi naenda Kirinyaga Road na tochi. Mitungi ya petroli nitaipaka mstari mwekundu ili hata watoto wasikosee. Dereva, niifunge wapi kwenye gari?

DerevaWaKaskazini:
Nje, kamwe si ndani na abiria. Kwenye kerija la paa, sehemu ya mbele, imesimama wima, mkanda wa kukaza juu ya kila mmoja. Weka kipande cha mpira kati ya chuma na chuma, la sivyo kufika Baragoi itakuwa imesuguana mpaka rangi itoke. Maji yakae ndani, chini kabisa. Na kaza mikanda upya kila mnaposimama kupumzika.