Nataka kuweka sauna kwenye gym yangu Chikongola: kavu, ya mvuke, au nyungu inatosha?

Chuma_Chikongola

Habari za jioni wakuu. Nina gym ndogo ya mtaani hapa Chikongola, Mtwara mjini. Wateja wangu wengi ni vijana wanaopakia magunia ya korosho maghalani na bandarini, na wachache wa bodaboda. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi wanakuja mabega yamekaza, viuno vinauma, usingizi hawaupati. Mmoja wao aliwahi kufanya kazi hotelini Dar akaiona sauna huko, chumba cha joto cha kukaa na kutoka jasho, na tangu hapo kila siku ni "bosi, sauna lini?"

Uani nina chumba cha matofali, mita 2 kwa 2, kimo kama mita 2 na kidogo, paa la bati. Seremala wangu anasema tukizungushia mbao ndani, tukaweka majiko mawili ya mkaa na sufuria kubwa la maji juu, kazi imeisha.

Naomba kueleweshwa. Sauna ziko za aina ngapi, na ipi inafaa kwa mtu wa kazi nzito? Na je, kuna faida ya kweli kiafya au ni starehe tu ya wenye hela? Mama yangu ana presha na anatumia dawa, naye ameshaanza kuiulizia.

Bibi_wa_Newala

Mwanangu, joto lote hili la kabla ya mvua, shati linaloana kabla hujafika sokoni, halafu umlipishe mtu ili atoke jasho?

Huku kwetu Newala juu, mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia, mtu akibanwa na mafua tunampigia nyungu. Majani ya mkaratasi, mchaichai, ya mpera na ya mlimau, unachemsha, unateremsha sufuria chini, unamfunika blanketi. Akitoka hapo pua zimefunguka na analala vizuri. Hela ya mbao wanunulie hao vijana maji ya kunywa.

Muuguzi_Mtanda

Shikamoo bibi. Kaka Chuma, habari.

Mimi ni muuguzi, niko Lindi mjini. Kabla ya kurudi nyumbani niliishi Tampere, Ufini, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makazi yao. Kule siku ya sauna ilikuwa kwenye ratiba ya wiki kama ilivyo siku ya daktari. Mzee asiyeweza kutembea tulimpeleka kwa kiti cha kuogea, tukamkalisha benchi la chini, tukakaa naye. Nimewaona watu walioshinda kimya wiki nzima wakianza kuzungumza humo ndani. Kwa hiyo jambo hili nalipenda, na kwa kuwa nalipenda naanza na la kukukataza: jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba hicho. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu anahisi kichwa kizito, anadhani ni joto la sauna, analegea, na hasimami tena. Sote tumesikia habari za familia zilizolala na jiko ndani zikakutwa asubuhi zimekufa. Chumba kidogo kilichozibwa vizuri kwa mbao ni hatari kuliko hata hicho cha kulala. Mwambie seremala hapana.

Sasa aina zake.

Ya Kifini ni kavu. Joto huwa kati ya nyuzi 80 na 100, unyevu mdogo sana, na jiko lina mawe juu yake. Unamwagia mawe maji kidogo kwa kata, mvuke unapanda mara moja, unakupiga mabegani, kisha unatulia. Watu wanashangaa mtu anakaaje kwenye nyuzi 90 asiungue. Ni kwa sababu hewa ni kavu: jasho linakauka kwenye ngozi, na linapokauka linakupoza.

Chumba cha mvuke, kile cha asili ya hamamu za Waarabu na Waturuki, kina nyuzi 40 hadi 50 tu, lakini hewa imejaa maji, jasho halikauki, kwa hiyo unalisikia joto sana. Ndiyo maana bibi analalamikia Mtwara ya mwezi wa kumi na moja, na yuko sahihi: hewa yetu ya pwani ina maji mengi, jasho linatiririka bila kukupoza. Kwa mtu wetu wa huku, chumba cha mvuke ni kumwongezea kile alichonacho tayari nje. Sauna kavu ni kitu tofauti kabisa na joto la mtaani. Ningekuwa wewe ningejenga hiyo.

Ipo ya tatu, ya miale ya infraredi. Vibao vya umeme vinaupasha mwili moja kwa moja, hewa inabaki nyuzi 45 hadi 60. Ni nyepesi kwa asiyestahimili joto kali, ila vifaa ni vya kuagiza na umeme ukikatika umekaa kwenye kabati la mbao. Ya nne ni ya moshi, haina bomba: kuni zinawaka saa nyingi, moshi unatolewa wote, ndipo watu wanaingia. Waestonia wa Võromaa wanaienzi sana, na UNESCO iliiorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2014, kisha utamaduni wa sauna wa Wafini mwaka 2020. Hiyo ya moshi usiiguse, inataka watu waliozaliwa nayo.

Kuhusu faida. Moyo unapiga mbio kama mtu anayetembea kwa kasi, mishipa inatanuka, damu inafika kwenye misuli iliyokaza. Vijana wako watalegea mabega na watalala, hilo nina hakika nalo. Kule Kuopio, mji mwingine wa Ufini, watafiti waliwafuatilia wanaume 2,315 wa makamo kwa karibu miaka 20, matokeo yakatoka 2015: walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache zaidi kuliko walioingia mara moja. Soma hapo kwa utulivu, kaka. Hao ni watu waliokua na sauna tangu utotoni, na mwenye afya ndiye anayeweza kwenda mara nyingi. Usiandike ukutani kwamba sauna inatibu moyo.

Wala usiandike "inatoa sumu mwilini." Jasho ni maji na chumvi. Kazi ya kutoa taka ni ya figo na ini. Na atakayepungua kilo moja humo ndani ataipata tena akinywa maji, na lazima anywe.

Chuma_Chikongola

Dada Mtanda, asante sana, mkaa nimeufuta leo leo. Je, nikitumia jiko la umeme? Na hayo mawe nimekwishapata, kuna rundo la mawe ya matumbawe yalibaki tulipojenga ukuta. Na mama je?

Muuguzi_Mtanda

Matumbawe hapana kabisa. Si ndiyo tunayochoma tanuruni kupata chokaa? Ukiyapasha na kuyamwagia maji kila siku yatamomonyoka na kukujazia vumbi chumbani. Ya mtoni au ufukweni nayo acha, yakiwa na maji ndani hupasuka yakaruka vipande. Tafuta mawe meusi, mazito, yasiyo na nyufa. Kule wanatumia ya asili ya volkano.

Umeme: hesabu ya kawaida ni karibu kilowati 1 kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba chako kina ujazo wa karibu mita 9, kwa hiyo jiko la kilowati 8 au 9, yaani uniti 8 hadi 9 kwa saa wakati linapasha. Ukuta wa matofali usio na kitu cha kuzuia joto lisitoke, na bati juu, vitakunywea joto lote, gharama ipande zaidi. Jiko la chuma la kuni lenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa litakufaa zaidi. Matawi ya mikorosho yanayopogolewa yanatosha kuwa kuni. Mlango wa jiko ufunge vizuri, bomba lisivuje hata kidogo, na lisigusane na mbao. Acha tundu la hewa chini karibu na jiko na jingine ukuta wa pili.

Mbao zisiwe za dawa ya mchwa wala za vanishi, zikipata moto zinatoa harufu mbaya kwa mapafu. Benchi tumia mbao nyepesi isiyo na utomvu, na vichwa vya misumari vizame ndani. Mlango ufunguke kwa nje, bila komeo.

Mama yako: presha iliyodhibitiwa huwa si kizuizi, lakini dawa na joto vyote vinashusha presha, akisimama ghafla anaanguka. Amwone daktari wake kwanza. Akiruhusiwa, benchi la chini, dakika 5 hivi, asiwe peke yake. Aliyepata shambulio la moyo karibuni au mwenye maumivu ya kifua asiingie. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi naye umwangalie, anaungua bila kujua.

Na mtu aliyetoka kunywa uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wa mabibo ukifika, usimfungulie mlango hata akikulipa mara mbili. Vifo vingi vya sauna kule vina pombe ndani yake.

Mke_wa_Fundi_Mikindani

Dada samahani, nami naomba kuuliza. Nina mimba ya miezi miwili. Na mume wangu tumehangaika naye miaka kupata mtoto huyu. Tunaweza kuingia?

Muuguzi_Mtanda

Hongera sana mdogo wangu, Mungu akufikishe salama. Wewe subiri. Miezi mitatu ya kwanza joto la mwili likipanda sana si zuri kwa mtoto anayeumbika. Oga maji ya uvuguvugu, inatosha. Mumeo: joto kali hupunguza mbegu za kiume kwa muda, zinarudi akiacha. Sasa mmeshapata, aingie tu, mkipanga mwingine apumzike miezi michache kabla.

Bibi wa Newala, nyungu yako siikatai. Inafungua pua na inampumzisha mgonjwa. Naomba tu sufuria liwe limetulia chini, mtoto mdogo asifunikwe nalo, maana wodini tunapokea walioungua mapaja na tumbo.

Bibi_wa_Newala

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye watoto umesema kweli. Sasa hao vijana wakitoka mle wanakwenda wapi? Upepo utawapiga.

Muuguzi_Mtanda

Bibi, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Kupoa ni nusu ya sauna. Wafini wanaingia ziwani au wanakaa nje kwenye theluji. Kule Tampere kuna sauna ya umma ya Rajaportti, ipo tangu 1906, na uwani kwake watu wamekaa na mataulo yao jioni nzima, wanapoa na kuzungumza, kisha wanarudi ndani. Kaka Chuma, usitumie hela yote kwenye chumba. Jenga na banda la makuti pembeni, benchi, ndoo za maji ya kisima, mtungi wa maji ya kunywa, na madafu ukiweza. Dakika 10 ndani, kumwagia maji, kukaa upeponi hadi mapigo ya moyo yatulie, ndipo warudi. Fungua baada ya magharibi. Mtu asitoke ghalani jasho linamtoka akaingia moja kwa moja, anywe maji apumzike kwanza. Ramadhani fungua baada ya futari tu.

Na wanawake wapangie siku yao, na mhudumu wao mwanamke. Watakuja wengi kuliko unavyofikiri.

Chuma_Chikongola

Siku ya wanawake nitaweka Jumatano, mke wangu atasimamia. Kesho nakwenda kwa mchomeleaji wa pale Magomeni kuulizia jiko la kuni. Bomba liwe la kipenyo gani?

Muuguzi_Mtanda

Lifuate mdomo wa jiko lenyewe, lisipunguzwe popote njiani. Na limalizike juu kuliko kilele cha paa. Akishakuchorea, weka mchoro hapa tuutazame kabla hajakata chuma.