Kuzidisha matriki: GCC, Clang yenye Polly, au kukata vitanzi kwa mkono?

Mkokotoaji: Habari zenu, wakuu. Kabla ya mwezi kwisha ninapaswa kuchagua namna ya kujenga programu yetu ya C ya kuzidisha matriki: kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya GCC kwa -O3 pekee, yaani kiwango cha juu cha kuboresha kasi, kompaila ya Clang pamoja na Polly, nyongeza yake ya kupanga upya vitanzi, au kupanga upya vitanzi (sehemu za msimbo zinazojirudia) kwa mkono. Kwa sasa prosesa inapoteza muda mwingi ikisubiri kumbukumbu kuu.

Bi_Safuwima: Ndugu, hujataja ukubwa wa matriki, ukubwa wa kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa), wala namna unavyozihifadhi namba. Bila hayo tutabahatisha tu.

Mkokotoaji: Samahani. Ni 1024 kwa 1024, namba za baiti 8, kache ya kwanza ya kilobaiti 32. Natumia vielekezi vya vielekezi, yaani orodha ya anwani za safumlalo, kila moja mahali pake katika kumbukumbu.

Kitanzi: Anzia hapo. Kompaila haiwezi kuthibitisha kwamba safumlalo zako haziingiliani katika kumbukumbu, hivyo haithubutu kugusa vitanzi. Tumia safu moja mfululizo na neno restrict, linaloiahidi kompaila kwamba data haziingiliani. Tangu toleo la 8, GCC hujaribu yenyewe kubadili mpangilio wa vitanzi kwa -O3.

Mzee_Fortran: Mimi ni wa kazi ya mkono, ingawa iliniumiza. Nilikata matriki kuwa vipande vya 64 kwa 64 ili vikae ndani ya kache, nikaamini nimemaliza, kumbe kipande kimoja tu kilikuwa kilobaiti 32, yaani kache nzima, ilhali vipande vitatu, kimoja cha kila matriki, huhitajika kwa pamoja. Nikashuka hadi 32 kwa 32, jumla ikawa kilobaiti 24, na kasi bado haikupanda, kwa sababu safumlalo ya namba 1024 ni baiti 8192, na katika kache yangu ya njia 8 (imegawanywa katika seti zenye nafasi 8 kila moja) namba zote za safuwima moja ziliangukia seti ileile zikafukuzana. Wiki mbili zilipita kabla sijarefusha kila safumlalo hadi namba 1032 ili zisiangukie tena seti moja.

Mpenzi_wa_Clang: Polly hukata vipande yenyewe. Ongeza -ffast-math, inayoiruhusu kompaila kubadili mfuatano wa hesabu za desimali, la sivyo mpangilio wa kujumlisha hautaguswa.

Kitanzi: Si lazima. Ukipanga vitanzi vitatu kwa mfuatano wa i, k, j (i ni safumlalo na j ni safuwima ya jibu, k ni hatua ya kujumlisha), kila jibu bado hujumlishwa kwa mfuatano uleule wa k.

Mpenzi_wa_Clang: Kwa mpangilio huo nakubali. Ukibaki na i, j, k, kuvektorisha (kukokotoa namba kadhaa kwa mpigo) jumla ya ndani kunadai ruhusa hiyo.

Mkokotoaji: Nitaondoa vielekezi kwanza, kisha nipime kasi kwa perf, chombo cha Linux cha kupima utendaji. Mzee, je, hizo 1032 hazitavuruga faili zetu za zamani?

Mzee_Fortran: Hapana, mradi usome safumlalo moja moja.