Mjadala: Ukuta wa zahanati umechorwa ziwa kwa rangi nne, tumepigwa?

Wadau, hapa mtaani kwetu Kigoma tulichangishana, kila nyumba na uwezo wake, ukuta wa zahanati uchorwe Ziwa Tanganyika. Fundi kaja na makopo manne: nyeupe, nyeusi, njano ya udongo na nyekundu ya tofali. Bluu hakuna! Mitumbwi mitatu, kila mmoja kaupitishia brashi mara moja, basi. Haina hata wavuvi. Kamati wanatuambia ndiyo sanaa. Mnaonaje?

Wa Mwanga: Mmepigwa mchana kweupe. Mchoraji Tingatinga alitumia rangi za baiskeli na picha zake ziliwaka. Ziwa la kijivu ndiyo nini?

Mama wa Ujiji: Mie nimelipenda. Mtu ana homa, kichwa kinamgonga, unataka ukuta nao umpigie kelele?

Fundi rangi (siyo mimi niliyechora!): Wa Mwanga, picha nyingi za mwanzo za Tingatinga ni mnyama mmoja juu ya rangi moja tupu. Alijua kuacha.

Kuhusu bluu, jaribuni hivi. Chukua nyeusi, tia nyeupe nyingi, paka kando ya ile nyekundu ya tofali, halafu rudi nyuma hatua kumi. Kijivu kile kitaonekana kina bluu, kwa sababu kimekaa jirani na rangi ya moto. Anders Zorn wa Sweden, aliyefariki 1920, anajulikana sana kwa kuchora na rangi nne zinazokaribiana na hizo. Tena zikiwa chache hazigombani. Changanya saba uone utakavyopata tope.

Halafu semeni kweli: kiangazi, moshi na vumbi vikitanda, ukisimama ufukweni Kibirizi, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa unaionaje? Kama unaiona, ni utepe uliofifia. Fundi kaipaka hafifu kuliko maji, ndiyo maana imekaa mbali. Angeitia kijani kibichi ingewajia puani.

Ninachouliza mimi ni bei. Makopo manne mmelipia shilingi ngapi?

Mwanzisha mada: Nimetoka huko sasa hivi, nimehesabu hatua kumi mpaka nikagonga benchi la wagonjwa. Haya, maji yana kabluu fulani, nakubali. Milima nayo imekaa. Ila mitumbwi bila watu sikubali, dagaa anavuliwa na nani? Na risiti kamati hawajaleta.