Makazi ya pamoja ya kununua, ushirika, au nyumba ya kawaida ya mkopo: familia yenye watoto Uingereza ichague ipi?

MamaZuhura (Leeds)
Habarini wanajukwaa. Mimi na mume wangu tumechoka kupanga, watoto wako shule ya msingi. Tuna njia tatu mezani, naomba wenye uzoefu mtushauri.

Ya kwanza ni nyumba ya kawaida kwa mkopo wa benki. Hiyo wote mnaijua.

Ya pili ni makazi ya pamoja ya kununua. Kila familia ina nyumba yake kamili, na jiko lake na choo chake, halafu kuna jengo la wote: jiko kubwa, ukumbi wa kulia, chumba cha kufulia, vyumba vya wageni. Magari yanaachwa pembeni. Mfano ni Marmalade Lane kule Cambridge, nyumba 42.

Ya tatu ni ushirika kama LILAC, hapa hapa Leeds, mtaa wa Bramley: nyumba 20 za mbao na mabua ya ngano yaliyoshindiliwa ukutani, watu walihamia 2013. Pale nyumba na mkopo ni vya chama cha ushirika. Mkazi analipa asilimia 35 ya kipato kinachobaki baada ya makato, na anajijengea hisa humo.

Tulitembelea makazi mamoja ya aina ya pili. Mtoto wetu mdogo alitupotea, tukamkuta jikoni kwa watu anakula tosti na watoto wa pale, na mwenye nyumba wala hakushangaa. Tangu siku hiyo moyo wangu uko huko. Kinachonitia hofu ni zamu za kupikia wote na vikao vya wakazi.

Kibarazani (Aarhus)
Dada, mimi niko Denmark, yalikoanzia mambo haya. Wenyewe wanayaita bofællesskab. Ya kwanza kukamilika kwa mtindo huu ni Sættedammen, karibu na Hillerød, 1972, nyumba 27. Kabla ya hapo msanifu Jan Gudmand-Høyer na wenzake walikuwa wamenunua kiwanja Hareskov, nje ya Copenhagen, miaka ya 1960. Majirani wakapinga, wakaishia kukiuza.

Ushauri wangu: ukienda kukagua, angalia chakula cha jioni kuliko majengo. Ninapoishi mimi, watu wazima wawili watatu wanapika kwa ajili ya wote, na zamu ikishapita unakaa wiki kadhaa unakuta chakula tayari. Unajiandikisha mapema kwenye karatasi ya mlangoni ili mpishi ajue idadi. Siku yangu napika pilau, na ukoko wake watoto wa Kidenmark wanaugombania. Ukumbi wa kulia ukiwa mtupu jioni ya katikati ya wiki, jua hapo pamebaki majirani wenye bustani nzuri tu. Vikao navyo vipo, na maamuzi ya kukubaliana wote huchukua muda. Suala la mbwa lilitumalizia msimu mzima wa baridi.

Nyakio (Nairobi)
Mimi naishi kwenye court: ukuta, geti, mlinzi, service charge kila mwezi. Uwanja wa watoto tunao, lakini jina la jirani wa nyumba ya nne silijui. Kwa hiyo kuwa na sehemu za pamoja peke yake hakutoshi. Kwetu kampuni ndiyo inaamua kila kitu, sisi kazi yetu ni kulipa.

Mama Zuhura, ningekuwa wewe ningeuliza kwanza habari ya kutoka. Ukipata kazi mji mwingine, unaondoka na nini?

MamaZuhura
Asante Nyakio, hapo ndipo njia ya pili na ya tatu zinapoachana. Ya pili unauza kwa bei ya soko, ingawa mnunuzi lazima akubali masharti ya jamii. Kwa LILAC unatoka na hisa zako, na thamani yake inafuata mwendo wa mishahara, haifuati bei ya nyumba. Nyumba zikipaa, unaweza kushindwa kununua nje. Lakini kipato kikishuka, malipo nayo yanashuka. Kwangu mimi ninayefanya kazi kwa shifti, hilo ni jambo kubwa.

MzeeWaMakorora (Tanga)
Binti yangu, nimekulia nyumba ya vyumba sita, uani bomba moja, choo kimoja, na baadaye LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ugomvi wetu mwingi ulikuwa wa umeme: nani ana friji, nani kapiga pasi. Hao wenzenu wamefanya la maana kumwachia kila mtu choo chake na mita yake.

Nina maswali mawili. Sufuria za jiko la pamoja zinapikiwa nini? Na mkopo wa chama una riba. Hata kama hukusaini wewe, pesa yako ndiyo inaulipa. Muulize sheikh kabla hujaweka sahihi.

Kibarazani
Mzee, shikamoo. La sufuria lina njia: baadhi ya jamii hupika bila nyama kabisa kwenye jiko la wote. La riba nakubaliana nawe, aulize.

KhadijaLondon
Naongezea la muda. Makazi ya pamoja ya New Ground, High Barnet hapa London, ni ya wanawake wa zaidi ya miaka 50, fleti 25. Kikundi kilianza 1998, wakahamia 2016. Mama Zuhura, usianzishe kikundi kipya. Watoto watakuwa wameshaondoka nyumbani. Ingia palipokwisha kujengwa, na uulize urefu wa orodha ya wanaosubiri.

Jambo jingine: chumba cha wageni huwekwa nafasi kwa siku chache. Bibi akija na viza ya miezi sita hatakaa humo, atalala kwako. Hesabu vyumba vyako bila kile.

MamaZuhura
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. La bibi sikuwa nimelifikiria kabisa, na sisi tunamtarajia mwakani. Nyumba ya kawaida nimeiondoa. Kati ya mbili zilizobaki tutaanza na ushirika: mume wangu anaonana na sheikh kuhusu mkopo wa chama, mimi naomba tuhudhurie kikao kimoja na tule nao jioni ya katikati ya wiki. Riba ikikwama, tutarudi kwenye ya pili, hata kama ni kuhama Leeds.