Tupeane uzoefu: angalizo la hali ya hewa ulilolipuuza, au wingu lililokuokoa

Habari za jioni wanajamvi. Naandika kutoka Mafia, na naanza na langu.

Zamani nikisikia TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wametoa angalizo, nilisema "ni angalizo tu, ingekuwa tahadhari ningeahirisha safari." Siku hiyo walitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Nikapanda boti pale Nyamisati. Tulipofika katikati, maji yaliingia haraka kuliko tulivyoyafua. Magunia ya mchele ya watu yakatupwa baharini, kina mama wanalia. Tulifika Kilindoni usiku, hai, na wenye mchele hawana kitu.

Tangu hapo nasoma tangazo zima. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Lakini rangi hutokana na mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Kwa hiyo njano inaweza kuwa jambo zito ambalo uwezekano wake ni mdogo. Tena mita 2 za meli si mita 2 za boti letu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, mtumbwi wangu ulikuwa juu nchi kavu siku mbili kabla.

Wa Ukerewe: Pole sana kaka. Sisi wa dagaa hutoka usiku, na usiku ndipo radi za ziwani zinapokuwa kali. Nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na joto, pepo za pande zote zinakutana katikati na hewa inapanda. Nilipoteza binamu yangu hivyo. Tuliona mwanga mbali, upande wa Mara, tukasema bado. Siku hizi nahesabu: kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Na jioni kukiwa bado na nuru, nikiona wingu refu lililotandaa bapa kileleni kama fuawe la mhunzi, sitoki. Tajiri wa mtumbwi aseme atakavyo.

Mstaafu, Dodoma: Hilo la fuawe ndilo kumulonimbasi. Niliangalia anga kituoni miaka mingi, tukigawa mbingu sehemu nane na kuhesabu ngapi zimefunikwa. Vibonge vyeupe kama pamba ni kumulasi, havina neno, ila vikianza kurefuka kabla ya saa sita mchana, jiandae. Sirasi, yale membamba kama manyoya, ni chembe za barafu. Mvua yake haikufikii. Watu hulidharau nimbostratasi kwa kuwa halina kishindo. Ni shuka la kijivu tu, lakini hunyesha saa nyingi mfululizo, na mito hujaa taratibu mkiwa mmelala.

Nairobi: Kweli mzee. Aprili 2024 Mto Mathare ulitufikia nyumbani usiku na maji ya mvua iliyonyesha huko juu. Ningetazama wingu la kwetu pekee nisingejua lolote.

Mwanzisha mada: Asanteni, na pole kwa binamu, ndugu yangu. Wa Kilwa na Lindi mpo? Barabara ilipokatika Somanga wakati wa Hidaya, taarifa mlizipata vipi? Huku kwangu simu iliisha chaji, nikabaki na redio ya betri.