GX100 iliyotolewa otomatiki ikawekwa manuali: gia haiingii mpaka upampu klachi mara tatu

Sato Mkavu (Igoma, Mwanza)
Wakuu, salaam. Gari ni Mark II GX100, injini 1G-FE. Giaboksi ya otomatiki ilikufa, imefungwa ya manuali, W55 ya gia tano. Klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi ni mpya. Masta ya klachi ya juu (silinda ya kwenye pedali) ni mpya pia. Ya chini (silinda inayosukuma uma wa klachi) ilikuja na giaboksi, imebadilishwa raba tu. Pedali zimetoka kwenye gari lingine.

Ukikanyaga mara moja, gia namba moja inagoma na rivasi inasaga. Ukipampu mara mbili tatu harakaharaka, zote zinaingia laini. Kwenye foleni ya Mabatini injini ikiwa ya moto hali inazidi. Hakuna tone linalovuja. Upepo umetolewa mara nne, chupa ya nusu lita ya breki fluidi imeisha. Fundi anataka kushusha giaboksi tena. Nimruhusu?

Kigingi
Asishushe kitu bado. Klachi pleti iliyofungwa kinyume au pailoti beringi (beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) iliyokwama haijui kama umekanyaga mara moja au mara tatu. Kinachobadilika ukipampu ni fluidi.

Angalia kiasi chenyewe kilivyo kidogo. Masta ya juu ya Toyota nyingi ina kipenyo cha ndani cha inchi 5/8, yaani mm 15.87. Pushi rodi (fimbo inayosukuma pistoni) ikiingia mm 25, inasukuma kama mililita 5. Kijiko cha chai. Kwa hiyo povu la mililita moja tu linakula karibu sehemu ya tano ya mwendo wote.

Weka rula kwenye pushi rodi ya masta ya chini. Mtu akanyage mara moja hadi mwisho, andika. Apampu mara tatu ashikilie, andika tena. Tuletee namba zote mbili.

Mama Spea
Na usome namba iliyo kwenye bodi ya hiyo masta ya chini, mara nyingi ipo, futa matope tu. Watu wanakuja kaunta wanasema "masta ya GX100" wanapewa inayofanana mashimo ya boliti. Ukubwa wa ndani hakuna anayeuliza. Kwa juu 5/8 na mwendo wa mm 25: chini ikiwa 3/4, pushi rodi inatoka mm 17. Ikiwa 13/16, karibu mm 15. Ikiwa 7/8, inabaki chini kidogo ya mm 13, na hapo klachi itakusumbua hata kama hakuna upepo.

Sato Mkavu
Mama, ni 13/16. Mara moja: mm 7. Baada ya kupampu: mm 14.

Kigingi
Basi ukubwa ni sahihi na mm 14 ndizo ulizotakiwa kuzipata tangu mkanyago wa kwanza. Mm 7 zinazokosekana kwenye silinda ya 13/16 ni kama mililita 2.3. Huo ni upepo.

Fundi Baridi
Kigingi kasema kweli, ila asifunge jalada mapema. Kupampu kunaficha hata mwendo mfupi wa masta ya juu. Pistoni ya juu inarudi haraka kuliko fluidi inayotoka chini, inavuta nyingine kutoka kwenye kikopo cha akiba ya fluidi kupitia ukingo wa raba, ukikanyaga tena unaongeza juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo na pedali za kuazima hizi, hakikisha yafuatayo kabla ya kumlaumu mtoa upepo.

Uchezaji wa pushi rodi ya juu: Toyota nyingi hutaka mm 1 hadi 5 ukipima kwenye kichwa cha pedali. Ukizidi, unapoteza mwendo. Ukiwa sifuri ni hatari zaidi: tundu la kurudishia fluidi linabaki limezibwa, joto likipanda presha inajengeka na klachi inaanza kuteleza.

Bati ambalo masta imeshikwa: gari lilizaliwa otomatiki, kwa hiyo tundu huenda lilichongwa mtaani. Mtu akanyage, wewe tazama masta. Ikisogea mm 2, weka kipande cha chuma cha mm 3 kwa ndani.

Halafu fungua bomba kwenye masta ya juu, ziba tundu lake kwa plagi yenye nyuzi zilezile (Toyota nyingi ni M10 x 1.0) na utoe upepo hapo hapo kwenye plagi. Pedali iwe ngumu kama jiwe. Ikizama polepole, raba za ndani zinapitisha, hata kama masta ni mpya dukani.

Swali la mwisho, na ndilo nililotaka kuanza nalo: nipo ya kutolea upepo imekaa wapi ukilinganisha na bomba linaloingia?

Sato Mkavu
Kaka, uchezaji mm 3. Bati halisogei. Na plagi pedali ni jiwe. Nipo iko chini, bomba linaingia juu yake.

Fundi Baridi
Umeshapata. Upepo unapanda, haushuki. Hata ungemwaga lita tano, povu lingebaki pale juu ya nipo likikungoja.

Fungua boliti mbili za masta ya chini bila kufungua bomba. Ishike nipo ikiwa juu kabisa. Sukuma pistoni yote ndani, ifunge kwa waya isiruke. Kisha bomba la sindano ya mililita 60 na mpira unaoonyesha ndani: jaza breki fluidi, vaa kwenye nipo, fungua robo mzunguko, sukuma taratibu kutoka chini kwenda juu. Kabla ya hapo nyonya kikopo cha juu kibaki nusu, kisifurike kikaharibu rangi. Rudia mpaka mapovu yaishe kikopo cha juu. Funga nipo kabla ya kuvua mpira. Ukimaliza, tafuta bodi ya masta ya upande sahihi, maana kila ukitoa upepo utarudia kazi hii.

Sato Mkavu
Mkanyago wa kwanza mm 13, wa tatu 14. Namba moja inaingia. Rivasi bado inasaga kidogo gari likiwa la moto.

Kigingi
Rivasi za giaboksi nyingi za zamani hazina sinkronaiza (pete inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia). Kanyaga, hesabu hadi tano, ndipo uingize. Ikiingia kimya, ilikuwa shafti ya giaboksi bado inazunguka tu. Ikisaga hata baada ya hapo, sasa ndiyo tuzungumzie pailoti beringi. Na bomba la klachi limepita karibu na manifoldi ya moshi? Breki fluidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi, ikishanyonya unyevu hushuka hadi 140.

Sato Mkavu
Nimehesabu tano, imeingia kimya. Bomba lilikuwa vidole viwili kutoka kwenye manifoldi, nimelisogeza.

Mama Spea
Na ile chupa uliyoifungua usiirudishe kabatini ukaitumia mwakani. Ziwa liko hapo chini, unyevu haupigi hodi.